Sura ya Nne: Jina Kwenye Kona ya Hardibodi

Tranka la shule linalotengenezwa Gerezani haliandikwi jina la fundi. Bati hulazwa chini, likapimwa, likakatwa kwa mkasi mkubwa, kisha kingo zake zikakunjwa kwa nyundo juu ya kipande cha chuma kizito kinachofanya kazi ya fuawe. Pembe hupigwa ripiti. Bawaba hufungwa, komeo la kufuli huwekwa, na mwisho kabisa hufunguliwa kopo la rangi ya mafuta: bluu au kijani kwa nje, ndani huachwa bati tupu. Shule za bweni zinapokaribia kufunguliwa, matranka hupangwa moja juu ya jingine mpaka karibu na barabara. Mzazi aliyetoka Mbagala hufika, akagonga mfuniko kwa kifundo cha kidole kusikiliza unene wa bati.

"Mama, hilo geji nzito hilo, mtoto anamaliza nalo kidato cha sita."

"Niambie bei ya mwisho, fundi."

Wanavutana, wanakubaliana, tranka linapakiwa kwenye bajaji. Jina halikuulizwa na halikutajwa. Bawaba ikilegea baada ya muhula mmoja, mama atarudi pale pale na kumuulizia yule fundi mwembamba anayekaa jirani na muuza ngazi, na watu watamwonesha kwa kidole. Gerezani ndivyo ilivyo tangu zamani, tangu mtaa huu ulipokuwa pembeni mwa karakana na nyumba za watu wa reli. Fundi anajulikana kwa mahali anapokaa. Akihama kona, amepoteza wateja. Akifa, anayeirithi kona anawarithi na wateja.

Vuka barabara, ingia Kariakoo yenyewe, utamkuta sonara ambaye hawezi kuishi kwa utaratibu huo. Yeye anauza kitu ambacho jicho la mnunuzi haliwezi kukihakiki. Ndiyo maana ndani ya pete kuna tarakimu ndogo zinazohitaji miwani: 750 kwa karati 18, 375 kwa karati 9, yaani sehemu ngapi kati ya 1,000 ni dhahabu tupu. Asiyeziamini tarakimu huisugua pete kwenye jiwe jeusi, akadondosha tindikali juu ya mchirizi na kutazama kama utafutika. Nchi za baridi kule kaskazini ya Ulaya ziliifanya tabia hii kuwa sheria mapema. Norway iliamua mwaka 1891 kwamba chombo cha fedha kinachouzwa nchini kiwe na angalau sehemu 830 kati ya 1,000 za fedha safi, na kipigwe chapa ya kuonesha hivyo. Karibu yake karakana hupiga alama yake. Shika kijiko cha Norway cha miaka 100 iliyopita, kigeuze, na mgongoni mwa mpini utasoma kimetengenezwa na nyumba gani. Sonara amekufa zamani, wajukuu zake wamekufa, lakini kijiko bado kinamtaja.

Mtu tutakayemsoma katika sura hii alikaa katikati ya desturi hizo mbili. Alichukua rangi ya fundi wa mtaani, ile ile ya matranka na baiskeli, na akaweka jina lake kwa herufi kubwa kwenye kona ya kila kazi kama sonara. Halafu jina likamponyoka.

*

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha eneo la Nakapanya, wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi karibu na mpaka wa Msumbiji. Baba yake alikuwa Mngindo na Mwislamu, mama yake Mmakua na Mkristo, na mtoto akabeba dini zote mbili katika jina moja. Kijana wa Tunduru wa miaka ile aliyetaka fedha ya kodi na nguo alikuwa na njia chache, na iliyokanyagwa zaidi ilielekea Tanga, kwenye mkonge. Tanganyika wakati huo ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa zao hilo, na mashamba yalikula watu. Kibarua wa mkonge alijulikana kwa namba na kwa kipande chake, ile kadi iliyowekwa alama kila siku aliyomaliza kazi. Tingatinga alipita huko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akateremka Dar es Salaam.

Mjini alifanya kazi za nyumbani na bustani kwa mtumishi Mwingereza wa serikali ya kikoloni. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, Waingereza wa aina hiyo wakaanza kufungasha, na watumishi wao wakabaki na barua za sifa mfukoni. Miaka iliyofuata ni ya kubangaiza: kibarua hiki, biashara ile, na jioni muziki katika kikundi cha watu wa kwao. Hadi anafikisha umri wa miaka 35 hakuwa amechora kitu cha kuuza. Hakuwahi kuingia darasa la sanaa, na Chuo Kikuu cha Makerere, ambako Sam Ntiro wa Uchagga alisoma uchoraji na baadaye kuufundisha, kwake kilikuwa dunia nyingine.

Alianza mwaka 1968. Kwa nini mwaka huo, na kwa nini vile? Hapa wataalamu wamegawanyika. Wako wanaosema mtindo wake umetoka kusini, kwenye michoro ya kuta za nyumba za Wamakua, na kwamba alichofanya ni kuhamisha ukuta na kuuweka kwenye ubao. Wengine wanakumbusha kwamba miaka hiyo Wakongo walikuwa wakizunguka Dar es Salaam wakiuza picha zao kwa wazungu, na kwamba Tingatinga aliziona, akaona zinanunuliwa, akajiambia hata yeye anaweza. Maelezo ya kwanza yanapendeza zaidi, hasa kwa mtu anayetaka kuuza picha kwa mtalii. Mimi naegemea soko. Kuta za Wamakua hazikosi kuwa na nafasi yao kichwani mwake, lakini mtu haamki siku moja, umri umekwenda, akatoa fedha ya mboga kununua rangi kwa sababu amekumbuka ukuta wa bibi. Anafanya hivyo akishaona mwenzake analipwa.

Na ukitazama vifaa vyake, hesabu ya soko inaonekana wazi. Hakutumia turubai wala rangi za wachoraji, ambazo Dar es Salaam ya 1968 zilikuwa adimu na ghali. Alichukua hardibodi, ubao mwembamba wa dari ambao upande mmoja ni laini na wa pili una mikwaruzo. Shiti ya hardibodi huuzwa futi 4 kwa 8. Ikate miraba ya futi 2 kwa 2, unapata vipande 8 kamili bila kutupa hata kipande. Picha nyingi za Tingatinga ni miraba ya karibu sentimita 60 kila upande, ambazo ndizo hizo futi 2. Wahakiki wa Ulaya wameandika kuhusu umbo hilo la mraba na nguvu zake. Fundi yeyote wa dari pale Gerezani angewaeleza kwa sentensi moja.

Rangi ilikuwa ya mafuta ya kung'aa, ya kupakia baiskeli na milango. Rangi hii ina tabia zake na mchoraji lazima azitii. Haikauki haraka. Ukipaka nyekundu juu ya njano mbichi unapata tope. Kwa hiyo kwanza unapaka mandhari yote rangi moja, njano au nyeupe au bluu hafifu, unaiacha ikauke, hata usiku mzima. Kesho unamwekea mnyama mwili wake kwa rangi moja bapa. Unasubiri tena. Ndipo unaingia na brashi nyembamba: madoa ya chui moja moja, manyoya ya ndege mstari kwa mstari, mboni ya jicho, mwanga mdogo ndani ya mboni. Kwa sababu ya kusubiri huku mtu hashughuliki na picha moja. Anapanga mbao kadhaa na kuzizungukia. Hapo ndipo nafasi ya msaidizi inapojitokeza yenyewe: kijana wa kupaka mandhari, wa kuziba mwili, wakati bwana mwenyewe anashughulika na jicho na madoa.

Wanyama wake hawako porini. Hakuna mstari wa upeo, hakuna kivuli, mara nyingi hakuna hata ardhi. Chui, tembo au nyati anajaza mraba mzima, mgongo umepindwa ili aingie, mkia umepandishwa kwa sababu chini hakuna nafasi tena. Tausi wamekaa kwenye matawi ya mbuyu ambao ungewashangaza mabwana misitu. Macho ya simba yanakutazama kama ya mtu unayemdai. Nimeziona picha za wafuasi wake zilizopambwa zaidi yake, zenye wanyama 20 na mlima Kilimanjaro nyuma, na kila mara narudi kwenye zile za mwanzo zenye mnyama mmoja tu. Mtu aliyechora vile alijua anachokiacha.

*

Kona yake ilikuwa Oyster Bay, nje ya Morogoro Stores, chini ya mbuyu. Ni mahali alipopachagua kwa akili. Duka hilo lilikuwa la wakazi wa nyumba za bahari, na katika miaka ile wakazi hao walikuwa wameanza kubadilika. Mwingereza wa utawala ameondoka, ameingia mtaalamu wa misaada, na wengi wa wataalamu hao walitoka nchi za Nordiki. Denmark, Finland, Norway na Sweden zilikuwa zimeungana kujenga kituo cha Kibaha, chenye shule ya sekondari, kituo cha afya na cha wakulima, mradi uliotiwa saini mapema miaka ya 1960 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Watu hawa walikaa miaka miwili, mitatu, kisha wakarudi kwao. Kabla ya kurudi walitafuta kitu cha kubeba kinachoingia kwenye sanduku na kisichovunjika. Mraba wa hardibodi wa futi 2 unaingia. Ndiyo sababu picha nyingi za awali za Tingatinga leo ukizitafuta unaelekezwa Skandinavia, kwenye kuta za vyumba ambavyo kabatini mwake huenda mna vile vijiko vya 830.

Mambo yalianza kumnyookea. Shirika la umma la maendeleo, kupitia tawi lake la sanaa, likaanza kununua kazi zake. Mwaka 1970 akamwoa Agatha Mataka, wakapata watoto wawili, Martina na Daudi. Alipata pia ajira katika hospitali ya Muhimbili, na hilo ni la kuzingatia: hata picha zikiuzwa, mtu aliyepitia mkonge na kuachwa na Mwingereza aliyefungasha virago hawezi kuacha mshahara wa mwisho wa mwezi. Wakaja na wanafunzi, wengi wao ndugu na jamaa wa kutoka kusini: Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata. Walijifunza jinsi kijana wa Gerezani anavyojifunza kukunja bati, kwa kukaa pembeni na kupewa kwanza kazi isiyoharibika.

Usiku mmoja wa mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari na wenzake. Polisi walikuwa wakiwatafuta majambazi, wakalifananisha gari hilo na wanalolitafuta, wakafyatua risasi. Alikufa akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Akazikwa Msasani. Kazi yake yote ya uchoraji ilichukua miaka minne.

*

Asubuhi iliyofuata msiba, mtu wa Ulaya aliyefika Morogoro Stores na orodha yake ya mboga hakuwa na sababu ya kujua lolote. Kona ipo, mbuyu upo, vijana wapo, na hardibodi zimeegemezwa kama kawaida. Aliuliza kama kuna Tingatinga, wakamwambia ipo.

Vijana hao hawakuwa na hila. Waliandika majina yao kwenye kona za picha zao, na anayejua anaweza kumtambua Linda au Mandu bila hata kusoma jina. Simon Mpata alivuka mpaka, akauza Nairobi, na jina lake likapendwa sana Japani, hata hoteli moja ya kitalii huko Masai Mara ikapewa jina lake. Lakini huyo ni mmoja. Kwa wengine wote jina la mwalimu lilikuwa kubwa kuliko kona nzima. Desturi ya fundi wa mtaani, ile ya kujulikana kwa mahali, ndiyo iliyoshinda: mahali paliitwa Tingatinga, kila kilichotoka hapo kikaitwa Tingatinga, na wachoraji waliofuata, kizazi cha pili, cha tatu, wakawa watu wa Tingatinga. Mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika kwa jina hilo hilo na kituo chao kiko hapo hapo, umbali wa kutupa jiwe kutoka ulipokuwa mbuyu wa mwanzo. Daudi, mtoto wa marehemu, naye akawa mchoraji.

Kisha hata mahali pakaachwa. Leo picha hizo zinachorwa Zanzibar, Arusha na Nairobi, zinapakwa kwenye trei, sahani, masanduku na milango ya baa. Mwaka 2010 ukatoka mfululizo wa katuni za watoto uliotengenezwa Nairobi kwa ajili ya televisheni za nje, ukiitwa Tinga Tinga Tales, na mamilioni ya watoto wa Ulaya wakalijua jina bila kujua kwamba liliwahi kuwa la mtu mwenye mke, watoto wawili na zamu ya hospitali.

Watu wengi wakifika hapa kwenye simulizi hulalamika kuhusu Afrika, kwamba sisi hatujui kutunza majina. Malalamiko hayo hayana msingi, na ushahidi nautoa huko huko Norway, kwenye familia yenye chapa nyingi kuliko sonara wote wa Kariakoo kwa pamoja.

Grete Prytz Kittelsen alizaliwa Oslo mwaka 1917 katika nyumba ya sonara J. Tostrup, kampuni iliyoanzishwa 1832. Baba yake, Jacob Prytz, alikuwa sonara na mwalimu wa masonara. Binti alisoma kazi hiyo hiyo, vita ilipochachamaa akakimbilia Sweden, na baada ya vita akaenda Chicago na mumewe Arne Korsmo, msanifu majengo. Alichokipenda kuliko dhahabu yenyewe kilikuwa enameli: unga wa kioo uliotiwa rangi, unaopakwa juu ya chuma na kuchomwa kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi mpaka uyeyuke na kushikana nacho. Ni uchoraji, ila brashi inakamilishwa na moto. Alipata tuzo ya Lunning mwaka 1952, akashinda pia Milano mwaka 1954, akaitwa malkia wa usanifu wa Skandinavia. Kisha akafanya jambo ambalo masonara wenzake wengi hawakulifanya: akavipeleka ujuzi na maumbo yake kiwandani, kwa kampuni ya Cathrineholm ya mji wa Halden, ili bakuli na birika za enameli ziuzwe kwa mtu wa kawaida.

Bakuli hizo zilienea dunia nzima, na zilizopendwa kuliko zote ni zile zenye duara la majani marefu, nyeupe juu ya bluu, njano, kijani au chungwa. Mpaka leo wauzaji wa vitu vya kale wanaziuza kwa jina la Grete Prytz Kittelsen. Majani yale hakuyachora yeye. Yalichorwa na Arne Clausen, mbunifu wa kiwandani pale Cathrineholm. Umbo la bakuli ndilo lililokuwa la Grete, na mwenyewe alipendelea lisiwe na urembo wowote. Aliishi hadi mwaka 2010, akiwa amepita miaka 90, na kosa hilo alifariki akaliacha likitembea. Kwa hiyo chapa, sheria ya 1891, kampuni ya tangu 1832, vyote havikutosha. Jina kubwa lilimeza jina dogo, kama lilivyowameza Ajaba na Mandu pale chini ya mbuyu.

Mtu aliyeuona mchezo huu mapema kuliko wote alikuwa pia mtoto wa sonara. Albrecht Dürer wa Nuremberg, aliyezaliwa 1471, alianza kazi kwenye karakana ya dhahabu ya baba yake kabla ya kuhamia kwa mchoraji. Aliondoka na ujuzi wa kuchonga chuma, na akaondoka pia na mazoea ya chapa: herufi A kubwa, na D ndogo katikati ya miguu yake, kwenye karibu kila kitu alichokitoa. Haikupita muda watu wakaanza kuchapa picha zake pamoja na herufi zake. Mwaka 1512 baraza la mji wa Nuremberg lilimwagiza mtu mmoja aliyekuwa akiuza picha mjini azifute herufi hizo za uongo, la sivyo mali yake itachukuliwa. Sikiliza vizuri uamuzi huo. Hawakumkataza kuiga simba wa Dürer. Walimkataza kuandika kwamba simba ni wa Dürer.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inasimama karibu pale pale baada ya karibu miaka 500. Inalinda kazi, hailindi mtindo. Picha fulani ya Mandu ina mwenyewe. Namna ya kumpinda chui ili aingie kwenye mraba haina mwenyewe, na kila mtu yuko huru kuitumia. Naona hilo ni sawa. Tingatinga mwenyewe, kama nilivyosema, huenda aliyatazama ya Wakongo kabla hajayatazama yake. Anayetaka kufunga mlango nyuma yake angemfungia na yeye nje. Mamia ya familia za Dar es Salaam zimekula na kusomesha kwa mtindo huu, na kwa mtu aliyeondoka bila nyumba wala shamba, huo si urithi mdogo.

Kinachonikera ni kingine. Ni ile sentensi ya muuzaji na mnunuzi, wote wawili wakiwa wameridhika, kwamba picha ni "Tingatinga tu," ilhali jina la aliyeichora liko hapo chini, kwenye kona ya kulia, limeandikwa kwa rangi ile ile na kwa mkono ule ule. Tumewarudisha wachoraji kwenye utaratibu wa mkonge, mtu bila jina na kadi ya kazi, huku majina yao wameyaandika wenyewe na tunaweza kuyasoma. Tabia hii haiko kwenye picha pekee. Soko kuu la Kariakoo, lile lenye mapaa yaliyofunguka juu na kukusanya mvua, lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa katikati ya miaka ya 1970. Lilipoungua Julai 2021 magazeti yaliandika mengi kuhusu hasara ya wafanyabiashara, na yalikuwa na haki. Lakini simama mlangoni uwaulize watu kumi wanaobeba nyanya nani alilijenga, na utajibiwa "serikali."

Tranka halihitaji sahihi. Likitoboka linatupwa, na fundi wa Gerezani hapotezi kitu kwa kutotajwa, maana yupo hapo hapo kesho na unaweza kumfuata. Picha hukaa kuliko aliyeichora, na huenda mbali na kona yake, Oslo, Tokyo, ambako hakuna wa kukuonesha kwa kidole. Kwa hiyo ukinunua, hata kama ni ile ndogo ya kumpelekea mgeni, isome kona ya chini kwanza. Kuna jina? Igeuze hardibodi na uliandike nyuma kwa kalamu ya wino, jina, mwaka na mahali uliponunua. Hakuna jina? Muulize muuzaji. Na akikujibu kwamba ameichora Tingatinga, omba upunguziwe bei, kwa sababu Tingatinga alifariki mwaka 1972.